Kuweka sifuri bunduki ya kuwindia: .30-06 na .375 H&H kwa risasi moja unayoiamini

Kuweka sifuri ni kurekebisha darubini mpaka risasi ipige pale unapolenga kwa umbali fulani. Bunduki haina sifuri yake peke yake. Sifuri ni ya bunduki pamoja na risasi fulani, ya uzito fulani, kutoka kiwanda fulani. Ukibadilisha risasi, umebadilisha mahali tundu litakapotokea kwenye karatasi, hata kama hukugusa darubini. Wawindaji wengi wanaokosa au kujeruhi mnyama kwa umbali mdogo hawana bunduki mbovu. Walilenga vizuri na risasi ambayo bunduki hiyo haikuwekewa. Tanzania mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kwenye kibali kama ameuawa, na nyati aliyejeruhiwa lazima afuatwe kichakani. Kwa hiyo saa mbili za kazi kwenye meza ya shabaha zina uzito kuliko pesa yoyote utakayotumia kwenye bunduki.

Mwongozo huu unahusu kaliba mbili ambazo wawindaji wa Afrika Mashariki wamezitumia kwa zaidi ya miaka mia: .30-06 Springfield ya mwaka 1906 kwa swala pala, kongoni, nyumbu na pundamilia, na .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, kwa pofu na nyati. Hatua ni zile zile kwa kaliba nyingine. Vipimo ndivyo vitakavyobadilika.

Chagua risasi kabla ya kugusa darubini

Kwa .30-06, risasi ya greni 180 (gramu 11.7) inayotoka mtutuni kwa takriban mita 823 kwa sekunde ndiyo mchanganyiko wa kuaminika zaidi kwa wanyama wa mbugani. Greni 150 huenda kwa kasi zaidi na kunyooka zaidi, lakini ikigonga mfupa wa bega la pundamilia kwa karibu inaweza kupasuka mapema. Sisi tunashauri 180 na kuacha mjadala hapo.

Kwa .375, chukua greni 300 (gramu 19.4), takriban mita 771 kwa sekunde. Greni 270 ni nzuri kwa pofu kwenye uwanda wazi, lakini ukiwa na kibali cha nyati, greni 300 inafanya kazi zote mbili na unabaki na risasi moja ya kukumbuka.

Umbo la risasi lina maana kuliko chapa ya boksi. Risasi ya kawaida ya ncha laini yenye ganda jembamba la shaba inafaa kwa swala. Kwa wanyama wakubwa unataka risasi inayopanuka bila kusambaratika. Nosler Partition, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ina ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hupanuka, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kupenya. Risasi za shaba tupu, zisizo na madini ya ledi ndani, ambazo Barnes walizileta mwaka 1989, hupanuka kwa kujikunjua na kubaki na karibu uzito wote. Aina zote mbili zimethibitika porini. Risasi ngumu zisizopanuka kabisa ni kwa tembo, na kwa nyati anayekukimbia huku amekugeuzia makalio.

Ukishachagua, nunua za kutosha kwa mara moja, zenye namba ya toleo ile ile iliyopigwa kwenye mfuniko wa boksi. Toleo tofauti la kiwanda kile kile linaweza kupiga sentimita mbili au tatu mbali kwa mita 100, kwa sababu baruti hutofautiana kidogo kila inapotengenezwa. Boksi tatu za 20 zinatosha: moja ya kuweka sifuri, mbili za kuwindia. Wale wa Marekani na Ulaya wanaojaza risasi zao wenyewe wajue kwamba kanuni ni ile ile. Risasi ya nyumbani ya greni 180 na ya dukani ya greni 180 ni risasi mbili tofauti mbele ya darubini.

Kama unasafiri kwa ndege, mashirika mengi yanaruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, kwenye sanduku linalofungwa, mbali na bunduki. Risasi moja ya .375 ina uzito wa karibu gramu 40 na ya .30-06 karibu gramu 26. Boksi tatu za kila moja hukaribia kilo 4, na ukiongeza boksi moja la risasi ngumu za .375 unagusa 5. Pima kwa mizani nyumbani. Idadi iliyo ndani ya sanduku iwe ile ile iliyoandikwa kwenye kibali cha silaha, hadi risasi ya mwisho.

Skrubu kwanza, risasi baadaye

Toa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Tazama chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe hakuna kitu. Fanya hivi hata kama umeifanya dakika tano zilizopita.

Sehemu kubwa ya bunduki "zisizolenga" zina skrubu iliyolegea. Kuna sehemu tatu za kukagua, kwa mpangilio huu. Kwanza, skrubu mbili zinazoshika chuma cha bunduki kwenye kitako, chini, mbele na nyuma ya triga. Kwenye kitako cha mbao zikaze kwa nyutoni-mita 4 hadi 5. Mbao hukauka na kunywea, na bunduki iliyotoka nchi yenye unyevu ikakaa wiki mbili kwenye jua la mapori ya Rungwa au Moyowosi italegea hapo. Pili, skrubu za besi, chuma kinachobeba pete za darubini juu ya bunduki: zitoe, zifute mafuta kwa spiriti, zirudishe kwa nyutoni-mita 2.5 hadi 3, na tone dogo la gundi ya skrubu ya rangi ya bluu. Tatu, skrubu za pete zinazoshika bomba la darubini: takriban nyutoni-mita 2, ukikaza moja moja kwa mshazari, robo mzunguko kila mara. Ukikaza upande mmoja wote kwanza, bomba linajipinda na msalaba wa kulengea ulio ndani unalala. Ukizidisha nguvu, bomba linabonyea na nobu za kurekebishia darubini hazifanyi kazi sawasawa. Mtengenezaji akiwa ametoa kipimo chake, fuata chake.

Kabla ya kukaza pete moja kwa moja, weka jicho. Lala au kaa kama utakavyopiga, shavu kwenye kitako, macho yamefungwa. Fungua macho: picha iwe kamili bila kivuli cheusi pembeni. Kati ya kioo cha nyuma na nyusi kuwe na sentimita 8 hadi 9 kwa .30-06 na zisipungue 9 kwa .375. Teke la .375 linairudisha darubini kwa nguvu, na anayesogeza jicho mbele kutafuta picha hupasuliwa nyusi.

Kisha chukua kipande cha karatasi, kiingize kati ya mtutu na mbao ya mbele, ukivute hadi karibu na chemba. Kikipita bila kukwama, mtutu uko huru. Kikikwama mahali pamoja tu upande mmoja, mbao imejipinda na inasukuma mtutu. Hilo utaliona tena kwenye karatasi ya shabaha. Lakini bunduki nyingi za zamani za aina ya Mauser zilitengenezwa makusudi mtutu ugusane na mbao karibu na ncha. Usipige msasa kabla ya kujua yako ni ipi.

Uwanja

Tanzania mgeni wa uwindaji hujaribu bunduki kambini, mbele ya mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori. Mkazi hujaribu kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, akiwa na leseni ya silaha mfukoni. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, hivyo huko kazi hii ni ya viwanja vya kulenga shabaha peke yake.

Nyuma ya karatasi kuwe na ukuta wa udongo au mteremko mrefu kuliko mtu, bila mawe. Kichuguu kinatumika sana makambini, na ukubwa wake unatosha, lakini zunguka nyuma yake kwanza: njia ya wanyama au ya watu mara nyingi inapita pale pale. Usipigilie karatasi kwenye mti. Shina la mgunga linaweza lisiizuie .375, na mti utaharibika.

Pima mita 25 na mita 100 kwa utepe au kwa kifaa cha leza. Hatua za mguu kwenye majani marefu hudanganya hadi mita kumi. Karatasi iwe ya manila, angalau sentimita 60 kwa 60, na mraba mweusi wa sentimita 5 katikati. Mraba ukiwa mkubwa zaidi, jicho halijui lishike wapi.

Boneti ya Land Cruiser si meza. Gari linakaa juu ya springi, linayumba kila unapopumua, na injini yenye moto inatoa hewa ya joto mbele ya darubini. Tumia meza nzito ya mbao yenye miguu iliyozikwa, au lala chini. Mfuko wa mchanga mmoja chini ya mbao ya mbele, mwingine mdogo chini ya kitako. Mtutu wenyewe usiguse kitu chochote. Wala usiweke bunduki juu ya kitu kigumu kama jiwe au kingo ya mbao: itarushwa juu kabla risasi haijatoka, na utapiga juu.

Anza asubuhi, saa moja hadi saa tatu, kabla upepo haujaamka na kabla joto la ardhi halijaanza kuchezesha picha. Vaa kinga ya masikio na miwani. Risasi zikae kivulini. Zilizokaa juu ya dashibodi mchana kutwa zinawaka kwa nguvu zaidi, presha inapanda, na sifuri utakayopata ni ya risasi za moto.

Soma chini ya kila ganda kabla ya kuliingiza. Risasi ya .308 Winchester inaingia kwenye chemba ya .30-06 na inaweza kulipuka humo, ganda likapasuka. Ukibonyeza triga na isilie, endelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa dakika nzima kabla ya kufungua bolti. Ikilia kwa sauti hafifu isiyo ya kawaida, simama, toa bolti, tazama mtutu kwa ndani: risasi inaweza kuwa imekwama, na ya pili ikiifuata mtutu utapasuka. Bolti ikiwa ngumu kufunguka, au fataki, kile kiwashio kilicho chini ya ganda, imelala bapa kama imepigwa pasi, acha kutumia risasi hizo siku hiyo.

Mita 25

Toa bolti, weka bunduki kwenye mifuko, tazama kupitia mtutu kutoka nyuma mpaka mraba mweusi ukae katikati ya duara. Bila kuisogeza bunduki, zungusha nobu za darubini mpaka msalaba nao uwe juu ya mraba. Sasa risasi ya kwanza itagusa karatasi, na hilo ndilo lengo pekee la hatua hii.

Rudisha bolti. Piga moja tu. Hapa watu hupoteza risasi: wanapiga tano kwa mita 100 zisizoonekana popote, kisha wanaanza kubahatisha.

Darubini inakaa karibu sentimita 4 juu ya mtutu, hivyo kwa mita 25 risasi bado iko chini ya mstari wa jicho. Ukitaka .30-06 ipige sifuri kwa mita 100, tundu la mita 25 liwe sentimita 1.5 chini ya ulipolenga. Kwa .375 ni sentimita 1.3, ambayo kwa vitendo ni sawa na hiyo.

Soma nobu. Ikiandikwa 1/4 MOA (robo ya dakika ya pembe), kliki moja husogeza risasi milimita 7.3 kwa mita 100, hivyo milimita 3.6 kwa mita 50 na milimita 1.8 tu kwa mita 25. Ikiandikwa 1 cm/100 m, kama nyingi za Ulaya, kliki moja ni milimita 2.5 kwa mita 25. Mshale wa UP (juu) na R (kulia) unaonyesha risasi itakakoelekea, si msalaba.

Chukua mfano. Umelenga katikati, tundu liko sentimita 9 chini na 6 kushoto. Unalitaka 1.5 chini, hivyo lipande sentimita 7.5, yaani milimita 75. Gawa kwa 1.8: kliki 42 juu. Kulia milimita 60, gawa kwa 1.8: kliki 33. Kwa nobu ya sentimita ni kliki 30 juu na 24 kulia. Zungusha, gonga nobu taratibu kwa mpini wa bisibisi, maana darubini za zamani hushikilia kliki na kuziachia baada ya teke, kisha piga moja nyingine. Ikikaa ndani ya sentimita moja ya ulipotaka, nenda mita 100.

Mita 100

Hapa unapiga tatu kwa kila kundi, ukilenga mahali pale pale hata kama ya kwanza imetoka pembeni. Risasi moja haikwambii kitu. Mbili zinaweza kukudanganya. Tatu zina katikati, na katikati hiyo ndiyo unayoirekebisha. Kati ya risasi na risasi acha bolti wazi kwa dakika mbili; kati ya kundi na kundi dakika kumi, bunduki ikiwa kivulini. Ukiushika mtutu karibu na chemba na mkono ukatamani kuondoka, bado.

Chora alama ya katikati ya matundu matatu kwa penseli, pima kutoka hapo. Kwa mfano kundi la .30-06 liko sentimita 2 juu na 4 kulia, nawe unalitaka sentimita 5 juu. Panda sentimita 3: kliki 4. Kushoto sentimita 4: kliki 5 au 6. Piga kundi jingine kuthibitisha.

Kwa nini sentimita 5 juu? Greni 180 ya .30-06 iliyowekwa hivyo iko karibu sentimita 2.5 juu kwa mita 50, sentimita 3 juu kwa mita 150, inakata mstari karibu na mita 180, na kwa mita 200 iko sentimita 4 tu chini. Kifua cha swala pala kina nafasi ya sentimita 15 hivi kwa moyo na mapafu. Kwa hiyo kutoka miguuni mwako hadi mita 200 unalenga katikati bila kufanya hesabu yoyote. Ukiiweka sifuri kamili kwa mita 100, kwa mita 200 itashuka sentimita 14, na utaanza kukisia wakati mnyama anageuka.

Kwa .375 usifanye hivyo. Nyati hupigwa kwa mita 30 hadi 80, mara nyingi kupitia uwazi mdogo kwenye matawi, na risasi iliyo juu ya ulipolenga inagonga tawi usiloliona kwenye msalaba. Iweke sifuri kwa mita 100 kamili. Kwa mita 50 itakuwa nusu sentimita juu, kwa mita 150 sentimita 5 chini, kwa mita 200 sentimita 17 chini. Ukitaka kumpiga pofu kwa mita 150, hiyo sentimita 5 kwenye mnyama mkubwa hivyo haina shida.

Kundi la sentimita 4 kwa .30-06 na la sentimita 5 kwa .375 ni zuri vya kutosha kwa uwindaji wowote wa Afrika. Kutafuta kundi dogo zaidi kwa .375 kunachosha bega, na bega lililochoka linaanza kushtuka.

Karatasi inasema nini

Matundu yametawanyika bila mpangilio, mengine sentimita 10 mbali: kushtuka, kwa kiasi kikubwa. Mpe mtu mwingine bunduki aipakie bila wewe kuona, mara nyingine akiiacha tupu. Mtutu ukiinama unapobonyeza triga kwenye bunduki tupu, umejua tatizo liko wapi. Dawa ni kupumzika, kisha kubonyeza triga mara ishirini bila risasi, msalaba ukitulia mpaka baada ya mlio wa pini. Kwa .375, kamata mbao ya mbele kwa mkono na uuweke mkono juu ya mfuko, badala ya kuiacha bunduki iruke yenyewe. Weka taulo iliyokunjwa begani. Vile vifaa vya chuma vinavyozuia bunduki kurudi nyuma kabisa tunavikwepa kwa vitako vya mbao: nguvu isiyoenda begani inaenda kwenye mbao, na mbao inapasuka nyuma ya triga.

Matundu yamepangwa wima, moja juu ya jingine: pumzi, au mfuko wa mbele unashikwa mahali tofauti kila mara. Toa pumzi nusu, shika, bonyeza.

Yamepangwa kwa mlalo: upepo, au shavu linakaa tofauti kwenye kitako. Darubini nyingi za kuwindia zimerekebishwa kiwandani ili msalaba usihame jicho likisogea kwa mita 90 hadi 100, hivyo kwa umbali huo shavu halileti kosa kubwa; kwa mita 25 linaleta.

Risasi ya kwanza mahali pake, ya pili na ya tatu zinatembea upande mmoja kadiri mtutu unavyopata moto: mbao inagusa mtutu. Rudi kwenye kile kipande cha karatasi.

Makundi mawili mazuri, kila moja mahali pake, bila wewe kugusa nobu: pete au besi imelegea, au darubini imekufa ndani. Kaza, piga tena. Ikirudia, badilisha darubini. Hakuna njia ya kuituliza porini.

Unageuza kliki na risasi haifuati: uko mwisho wa nafasi ya nobu. Rudisha nobu zote katikati ya mzunguko wake na urekebishe besi.

Risasi ngumu na shabaha za chuma

Sifuri ikishakaa kwa risasi ya kupanuka, piga tatu za risasi ngumu kwenye karatasi mpya kwa mita 50, bila kugusa nobu. Watu husema .375 hupiga uzito wote mahali pamoja. Mara nyingi ni karibu na kweli, lakini bunduki yako haijasikia habari hiyo mpaka uijaribu. Tofauti ya hadi sentimita 4 kwa mita 50 inakubalika, kwani risasi ngumu utaitumia kwa karibu. Zaidi ya hapo, tafuta risasi ngumu ya kiwanda kingine.

Kama darubini ya .375 ni ya kutolewa kwa mkono, itoe, uweke sifuri shabaha za chuma, yaani vile vilengeo viwili vya nyuma na mbele vilivyo juu ya bunduki, kwa mita 50. Shabaha ya nyuma isogeze upande unaotaka risasi iende. Ya mbele isogeze kinyume. Bunduki ikipiga chini, shabaha ya mbele ni ndefu mno na itapunguzwa kwa tupa. Hesabu yake: kosa mara umbali kati ya shabaha mbili, gawa kwa umbali wa karatasi. Ikipiga sentimita 10 chini kwa mita 50, na kati ya shabaha mbili kuna sentimita 50, ni milimita 100 mara 500 gawa kwa 50,000: milimita 1. Punguza nusu milimita, piga, kisha endelea kidogo kidogo. Chuma kilichotolewa hakirudi. Kisha rudisha darubini na upige moja kwa mita 100 kuhakikisha imerudi pale pale.

Kutoka mezani hadi kwenye fito

Karibu kila mnyama atapigwa kutoka kwenye fito tatu zilizofungwa kamba juu, mwindaji amesimama. Maliza kwa kupiga tano kutoka hapo, kwa mita 80, ukiwa umeshika mbao ya mbele juu ya fito kwa mkono. Usivute mkanda wa bunduki chini kwa nguvu: kwenye mtutu mwembamba uliobeba kishikio cha mkanda, mvuto huo unashusha risasi. Matundu yote ndani ya sahani ya chakula yanatosha. Kama hayatoshi, umbali wako ni ule ambao yanatosha, na mwambie mwindaji bingwa waziwazi ni mita ngapi.

Mtutu baridi

Risasi inayomuua mnyama ni ya kwanza, kutoka mtutu baridi. Mtutu uliotoka kusafishwa, wenye mafuta, hupeleka ya kwanza mahali tofauti na nyingine. Baada ya kuweka sifuri, usisugue mtutu mpaka kuondoa mabaki ya shaba ya risasi. Pitisha kitambaa kikavu mara mbili, acha hivyo kwa siku za uwindaji. Ukilazimika kusafisha, kwa mvua au vumbi, ondoa mafuta yote kwa kitambaa kikavu, kisha piga moja au mbili za kuuchafua mtutu kabla ya kwenda kuwinda. Na asubuhi baada ya siku ya kuweka sifuri, bunduki ikiwa imelala usiku kucha, piga moja kwa mita 100. Tundu hilo la alfajiri andika kando ya mengine, kwa sababu ndilo litakalokuwa begani mwa nyati.

Andika kwenye kikaratasi na ukibandike ndani ya mfuniko wa sanduku la bunduki: risasi, uzito, namba ya toleo, umbali wa sifuri, juu au chini kwa mita 50, 150 na 200, na mahali nobu ilipokaa. Paka mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila skrubu hadi kwenye chuma kilicho kando yake. Skrubu ikigeuka hata kidogo, mstari utakatika na utaona kwa macho.

Piga ya kukagua kila baada ya safari ya ndege, baada ya bunduki kuanguka, baada ya siku nzima ya barabara mbovu ikiwa kwenye raki ya gari, na baada ya mvua kubwa kwa kitako cha mbao. Moja kwa mita 100, mtutu baridi. Ikitoka pembeni, usiguse nobu. Piga ya pili mahali pale pale. Kama ya pili imerudi kwenye sifuri, ya kwanza ilikuwa yako au ya mafuta. Kama zote mbili zimetoka pamoja, kagua ile mistari ya rangi, kaza kilicholegea, piga tatu, na baada ya hapo tu ndipo uhesabu kliki.